Kengele Waliyoiita Bata

Mlango wa kanisa la kijiji cha Wickering ulikuwa na kawaida yake: uusukume kwanza kwa goti, ndipo komeo likubali kunyanyuka. Thelma hakuwa ameufungua kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini goti lilijiendea lenyewe, na mlango ukafunguka huku ukinung'unika.

Alisimama kizingitini akavuta pumzi. Nta ya mishumaa, vitabu vya nyimbo vilivyoota ukungu, mawe yaliyokunywa mvua za karne na karne. Huko Aberdeen, Uskoti, alikoolewa, harufu kama hii ilimjia mara mojamoja akifungua kabati la makoti, naye akabaki ameduwaa hadi mumewe, Ewan, amwite. Sasa Ewan alikuwa kaburini tangu mwezi wa pili, na ile nyumba ilimwelemea kwa ukimya. Ndipo siku moja akapanda treni bila kumuaga mtu. Alitaka kukaa kidogo tu kwenye benchi la mama yake, basi, arudi.

Hakuwahi hata kuketi.

"Kama umekuja kuiba vinara, umechelewa," sauti ilisema kutoka chini ya mnara. "Vya fedha tulishauza, tukaziba paa."

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkate wenye jibini mkononi. Thelma aliyatambua masikio kabla ya uso. Desmond Pettit! Walipanda mnara huu pamoja ujanani, wakataniana kila Jumapili.

"Des! Miaka yote hii na bado hujakua ukayafikia masikio yako?"

Desmond aliacha kutafuna. "Mungu wangu, binti wa Percy! Mimi nilidhani Waskoti walishakukula pamoja na uji wao."

"Walijaribu. Wakaona nyama ngumu."

Walicheka hadi mzee wa watu akapaliwa na jibini, ikabidi Thelma ampige mgongoni.

Baba yake Thelma, Percy Gathercole, ndiye aliyekuwa mkuu wa wapiga kengele hapo, na Thelma ndiye msichana wa kwanza kushika kamba. Siku ile Des na wenzake waliapa kwamba kengele ingemrusha hadi darini. Baba alisimama nyuma ya binti yake, mikono yake juu ya ile ya binti, pumzi ikinuka tumbaku, akamwambia taratibu, "Kengele haivutwi, mwanangu. Inaombwa." Wakampa ya pili kati ya sita, ile ambayo kijiji kizima kiliiita Bata kwa sauti yake ya puani. Mama alibaki jikoni na nyama ya Jumapili, dirisha wazi, na waliporudi aliwapa hukumu kabla hawajavua kofia: "Leo Bata kachelewa mara mbili," bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Tena umekuja siku njema," Des alisema akijifuta mdomo. "Kesho mjukuu wangu Imogen anaolewa hapa. Na Colin, mpiga kengele ya pili, kaanguka ngazini, kateguka mkono. Kengele sita, watu watano! Ni sawa na bibi harusi acheke hana jino la mbele."

Kisha akamtazama kuanzia mabegani hadi viganjani.

"Usiniangalie hivyo, Des."

"Nakuangaliaje?"

"Kama unayepima punda mnadani. Mimi bibi kizee sasa. Mabega yangu yanalia hata nikianika shuka."

"Basi jaribu tu. Nitaufunga ulimi wa Bata, asisikie mtu. Ukishindwa, siri yetu mimi na wewe na hao waliolala makaburini huko nje."

Des alipanda ngazi za mnara akihema, akaufunga ulimi wa kengele, kile chuma cha ndani kinachoigonga, kwa kipande cha mpira wa gari, akarudi chini. Thelma alivua koti. Kamba ilikuwa mpya, lakini pale pa kushikia palivikwa sufu ya mistari myekundu na myeupe kama zamani. Akavuta. Kamba ikamponyoka, ikamchoma viganja.

"Unamvuta kama ng'ombe!" Des alipiga kelele. "Achia mapema!"

Mara ya pili alichelewa, visigino vikanyanyuka sakafuni. Akajilaani kwa kukubali. Mara ya tatu hakufikiri kitu. Mikono ilipanda yenyewe, ikashuka, ikangoja, na huko juu gizani aliisikia Bata ikizunguka na kusimama kichwa chini, mdomo juu, imetulia, ikimsubiri. Kwa kitambo kile alihisi kabisa kwamba akigeuka atamkuta baba nyuma yake.

Hakugeuka. Aliisimamisha kengele, akaifunga kamba, akaketi juu ya sanduku, akalia. Alimlilia Ewan, akamlilia Percy, akalilia na mengine asiyoyajua majina. Des aliukata mkate wake vipande viwili, akamwekea kimoja magotini, akaenda kusoma tangazo la ukutani ambalo bila shaka alilijua kwa moyo.

Kesho yake walipiga sita. Imogen alipotoka mlangoni na mumewe, milio ilishuka mmoja baada ya mwingine, kutoka kengele ndogo hadi kubwa, na Bata katikati ya wenzake na pua yake ileile. Thelma alichelewa mara moja. Binti aliyekuwa kwenye kengele ya tatu alimkonyeza, "Usijali, mama, mimi hukosea kila wiki."

Walipomaliza, viganja vilikuwa vikiwaka na blauzi imelowa jasho.

"Mazoezi ni kila Jumanne," Des alisema huku akikunja mikono ya shati, kana kwamba anaitaarifu dari. "Lakini wewe unakaa Uskoti."

"Najua ninakokaa."

"Na treni yako?"

"Jumatatu."

Jioni hiyo Thelma alimuuliza mwenye nyumba ya wageni alikofikia kama chumba kingepatikana hadi Jumatano. Kilipatikana. Nyumba ya Aberdeen haijauzwa hadi leo, kwa kuwa Ewan amezikwa huko na Thelma hapendi kumwacha muda mrefu. Lakini kila mwezi hupanda treni kwenda kusini, Wickering, na Colin, ambaye mkono wake umeshapona, amemwachia Bata, akahamia kengele ya nne kupokezana na mpigaji wake, bila kuombwa.