Redio Iliyonukia Moshi

Tangu Okemwa avunjike mguu katika shamba la chai, redio ya Bonareri ndiyo iliyomliwaza kitandani. Bonareri, jirani yao hapo Gesima, aliitoa kwa hiari yake siku alipokwenda Nyacheki kumtunza binti yake aliyejifungua. "Mimi huko nitasikiliza kilio cha mtoto," alimwambia Kemuma, mke wa Okemwa. "Hii imchangamshe mzee."

Alasiri moja mvua ikapenya kwenye nyasi za paa, ikailowesha redio. Kemuma akaifanyia kama kila kitu kilicholowa: akaipandisha darini jikoni, juu ya moto, pale anapokaushia wimbi. Asubuhi ilikuwa imekauka kweli, lakini ganda lake la plastiki lilikuwa limepinda. Ilipowashwa ilikoroma kidogo, ikanyamaza kabisa.

Bonareri angerudi kesho yake, Jumamosi. Kemuma aliifunga redio kwenye leso, akashuka Keumbu kwa Mukesh, fundi Mhindi wa redio, moyo wake mzito. Angemtazamaje mwanamke aliyemwamini hivyo?

Mukesh aliifungua, akanusa. "Mama, wewe napika redio?"

"Niliianika tu, Bwana Mukesh."

"Anika! Kidogo tu ingeiva."

Mkewe, Shanta, akamkemea kwa lugha yao, kisha akamvutia Kemuma kiti na kumletea chai ya tangawizi. Kemuma hakusahau kile kiti maisha yake yote.

Mukesh akamwonyesha kibao chembamba kilichokuwa ndani. Upande mmoja kilikuwa na vijia vya shaba, vimejipinda huku na huku. "Zamani ilikuwa nyaya tupu humu, kama kiota cha ndege. Sasa kiwandani wanachapa njia za umeme kwenye kibao, kama gazeti. Moto yako imekunja kibao. Mahali fulani njia imekatika."

"Wapi?"

Mukesh akakiinua kibao karibu na pua, akakishusha, akakiinua tena. Hatimaye akavua miwani. "Hiyo ndiyo shida, mama. Macho yangu imeingia ukungu. Ufa kama hii sioni tena. Itabidi tupeleke Nairobi, wiki tatu."

Wiki tatu! Kemuma alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyechambua wimbi kwenye ungo tangu utotoni, akitoa vijiwe vidogo kuliko punje zenyewe.

"Nipe niangalie," alisema.

Akakaa mlangoni penye mwanga, akakiinamisha kibao kama ungo, akafuata kijia kimoja kimoja bila haraka. Chai ikapoa. Wateja wawili wakaja wakaondoka. Kisha kidole chake kikasimama. "Hapa. Kama unywele."

Mukesh alichukua kipande kifupi cha waya cha kuunganisha njia, akachovya ncha ya chuma cha moto kwenye risasi ya kulehemu. Yeye alishika chuma, Kemuma akamwongoza: "Kushoto. Kidogo tena. Hapo hapo." Moshi mwembamba ukapanda. Walipoiwasha, mtu akaanza kusoma bei ya kahawa, na Shanta akapiga makofi.

"Asante, Bwana Mukesh. Mungu akuongezee."

"Asante wewe, mama. Kuna redio nne zingine hapa zinangoja macho. Njoo siku ya soko."

Jumamosi Bonareri alipoingia, redio ilikuwa inaimba. Kemuma angeweza kuiacha iimbe tu. Lakini aliizima, akaeleza yote: mvua, dari, Mukesh, ule ufa.

Bonareri akaichukua, akaipitisha puani. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Yaani umenikaushia redio pamoja na wimbi?"

"Nisamehe, dada."

"Na mguu wa mzee umepona?"

"Bado."

"Basi unanirudishia ya nini?" Akaiweka tena kando ya Okemwa, ule upande uliopinda ukielekea ukutani, akaiwasha mwenyewe.