Sekunde Saba

Walisogeza meza ya chakula ikatazamana na kiti kimoja cha mbao. Nyuma ya meza waliketi mama na kaka mtu, fundi wa simu, kila mmoja na karatasi yake ya maswali. Kwenye kiti alikaa Dokta. Hakuwa daktari wa chochote. Ni mtaa uliompa jina hilo kwa utani siku alipoingia chuo kusomea saikolojia. Alikuwa amehitimu miezi kumi na minne iliyopita, na usaili wa kesho, waliokuwa wakiufanyia mazoezi, ulikuwa wake wa tisa. Mama na mjomba walishakubaliana kwamba huu nao ukipita bure, Jumatatu Dokta aanze kupima misumari kwenye duka la mjomba la vifaa vya ujenzi.

Tatizo lilikuwa kunyamaza. Chuoni walifundishwa kwamba mteja akimaliza kusema usimdakie. Hesabu sekunde saba kimoyomoyo, maana jambo lenyewe huja baadaye. Wenzake walilisahau somo hilo mara tu baada ya mtihani. Dokta yeye lilimwingia damuni, na tangu mwaka wa pili, yeyote aliyeketi mbele yake sekunde saba zikapita kimya, alitema jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, kavu, kama kokoto, na aliyelitema aliendelea kueleza lilikotoka mpaka akamaliza. Mama hakuyapenda mawe hayo kwa sababu yalichubua meza. Siku hizi alitandika taulo.

Kaka aliweka saa ya simu ilie sekunde ya nne, ili mdogo wake ashtuke ajibu. Walikwenda vizuri kwa maswali sita. Kisha mama akavaa miwani na kuuliza kwa nini wamwajiri yeye na si mwingine. Simu ililia. Dokta alifungua mdomo, jibu likamkwama, na mama akainama juu ya taulo akatema.

"Wewe ulitaka ualimu," mama alisema. "Mimi ndiye niliyekung'ang'aniza. Naogopa nilikuharibia maisha, mwanangu."

Walimsikiliza mpaka akamaliza. Kaka alilisogeza jiwe pembeni.

"Sekunde tisa hizo," alisema. "Tuanze upya."

Kesho yake, kwenye ofisi ya ushauri nasaha, jopo lilikuwa la watu wawili: mwenyekiti mwenye kalamu tatu mfukoni, na mama mmoja wa utumishi, anayeshughulikia ajira. Dokta alijibu harakaharaka kama alivyofundishwa, hata pale alipojua kuwa anapayuka. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza kwa nini wamwajiri yeye na si mwingine.

Safari hii hapakuwa na simu ya kulia. Dokta alihesabu bila kukusudia, na ilipofika saba, mwenyekiti akatema jiwe juu ya vyeti vya Dokta. Lilihusu mwanawe mkubwa, ambaye hakuwa amemwita baba tangu msiba wa mama yake. Alieleza kwa nusu saa. Alipomaliza, mama wa utumishi aliomba radhi, akageukia kando, akatema mawili.

"Nafasi hii ina mtu tangu mwezi jana," alisema. "Shemeji yake mkurugenzi. Anaripoti leo mchana. Nyinyi tunawaita ili faili likamilike, na mimi ndiye ninayewapigia simu."

Dokta alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Lakini mteja hadakiwi, kwa hiyo alimsogezea karatasi laini za kufutia machozi, akangoja.

Mwenyekiti alivuta pumzi ndefu, akasema hajajisikia mwepesi hivi kwa miaka. Alichukua fomu ya usaili, na penye uzoefu wa kusikiliza wateja akaandika: hana.

Mama wa utumishi alimfuata kwenye korido. Alimwomba, kama hana haraka, angoje kidogo, maana huyo kijana anayeripoti leo hapati usingizi kwa wasiwasi. Dokta alibaki. Bado alikuwa na tumaini la kijinga kwamba huenda wakabadili mawazo.

Shemeji alifika saa sita na nusu akiwa na ufunguo mkononi. Jina lake lilishabandikwa mlangoni. Alimpa Dokta kiti cha nyuma ya meza, yeye akakaa kwenye cha mteja, na hata sekunde saba hazikutimia. Lilikuwa jiwe kubwa kuliko yote ya siku ile, na aliungama kwamba alisomea upimaji wa ardhi na hajui mtu anayelia huambiwa nini. Dokta alimsikiliza kwa saa nzima.

Shemeji alipomaliza, alijifuta mdomo, akamshukuru sana, akamwomba ampishe kwenye kiti, kwa kuwa saa nane wateja wangeanza kuingia.