Boksi la Beringi Orijino

Injini ya lori ilikuwa imefunguliwa kwa mara ya pili ndani ya miezi mitatu, na fundi alikuwa ameichoka kama mtu anavyomchoka mgeni asiyeaga. Mgongo ulimuuma. Miaka thelathini ya kuinamia vyuma haikumwachia kitu cha maana ila mgongo huo na jina zuri: spea aliyoikubali yeye, hakuna mtu mjini aliyeitilia shaka tena.

Kando yake alisimama dereva wa lori hilo, kaka wa mkewe, uso umemsawijika. Tajiri mwenye gari alikuwa amempa hadi kesho. Alidai dereva alichomoa beringi orijino, akaziuza, akaweka feki. Kama hana maelezo, akabidhi ufunguo aende zake.

"Shemeji, mimi hata spana siijui vizuri," dereva alisema. "Ningechomoaje?"

"Nyamaza kwanza, niangalie."

Akachukua beringi moja iliyolika, akaifuta kwa kitambaa chenye petroli. Namba iliyokuwa mgongoni mwake ikatoka pamoja na uchafu. Kwenye beringi orijino namba huchimbwa kwenye chuma. Hii ilikuwa ya wino. Akaipima mkononi. Nyepesi. Hata anayejifunza kazi angeijua, na yeye, fundi mzima, aliifunga kwa mikono yake, kwa sababu siku ile ya kwanza, miezi mitatu nyuma, kazi zilimzidi na boksi lilikuwa na stika ya kiwanda haijaguswa. Aliangalia boksi, basi.

"Zilikuwa feki tangu dukani," alisema. "Hukuchomoa kitu."

"Si nilikwambia! Sasa mwambie na yeye."

Boksi lenyewe lilikuwa bado rafuni. Fundi akalifunua mfuniko mpaka mwisho, apate walau alama ya kumwonyesha tajiri. Aliipata. Ndani ya mfuniko, kwa kalamu ya bluu, palikuwa na namba ya gari jingine kabisa na tarehe ya mwaka juzi, kwa mwandiko uliolalia kushoto ambao mkewe huucheka kila siku. Mwandiko wake. Ndivyo alivyoandika kwenye kila boksi alilofungua, asije akasahau amefunga nini kwenye gari la nani; la lori hili tu, kwa zile haraka, hakuliandika. Maboksi matupu mkewe huyauza kwa mnunua makaratasi, na ni yeye mwenyewe aliyemwambia ayauze, yasimjazie karakana. Kumbe kuna watu walioyajaza upya beringi feki, wakabandika stika mpya, wakayarudisha dukani.

Akakaa juu ya tairi. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

Dereva akausoma ule mwandiko, akaelewa taratibu.

"Hili litanitoa mimi," alisema. "Lakini wewe, shemeji? Tajiri akiliona atasema wewe ndiye unayeyajaza."

"Najua."

"Na mji mzima utasema."

"Najua, bwana. Mpelekee. Nikienda kwa mdomo mtupu atasema tunalindana."

Akamnyooshea boksi. Alikuwa amesema kweli, hakuwa anajikosha. Ila moyo una mambo yake, na huku amenyoosha mkono alisubiri shemeji yake akatae, hata mara moja, hata kwa adabu tu.

Dereva alikuwa na watoto wanne, na alikuwa hajalala siku tatu. Akauchana mfuniko polepole ili maandishi yasiharibike, akautia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Asante, shemeji," alisema, akatoka mbio kabla ofisi ya tajiri haijafungwa.