Mvua Waliyosema Nimeifunga

Miye Pélagie nimekausha ndagaa kwenye muchanga wa Kalemie miaka kumi na tisa, na kila mama wa kazi hii anajua: wingu likitanda ndagaa wakiwa chini, unapiga fundo kwenye ncha ya kikwembe ulichojifunga kiunoni ili mvua ipite. Sote tunafanya, tunacheka. Mwaka ule wa themanini na tano mvua ilichelewa mpaka Desemba. Watu wakiuliza imeenda wapi, miye na mudomo wangu huu ninawajibu kwamba nimeifunga, waningoje nimalize kukausha. Utani tu, jamani.

Halafu ikaanguka yote siku moja. Muto ulishuka na udongo wa mulima, maana miti yote kule juu imekatwa ichomwe makala ya kupikia, ukabeba nyumba ishirini za bondeni. Yangu ilienda. Ndagaa wangu walioza wote. Na jirani yangu Adrienne, maji yalimunyang'anya mutoto wake Emilie, wa miaka minne, mukononi.

Wiki haikuisha, fundo langu likawa ndilo lililoua. Na waliosema ni wale wale waliopoteza nyumba pamoja na miye. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa muzima, tulipomaliza kutoa matope, chefu wa mutaa, citoyen Kalenga, akatukusanya. Akatangaza kwamba nikikubali kosa nitasamehewa, nikikataa nitatoka kwenye muchanga, nisikaushe tena. Na yeye njo aliyewagawia watu viwanja kwenye njia ya muto, wazee wakimwambia maji yanapitaga pale.

Nikasema yote. Kwamba mvua si ile tuliyozaliwa nayo: inachelewa, halafu inakuja kwa hasira, na miye ninaangalia mbingu kila siku kwa sababu njo kazi yangu. Kwamba mulima uko uchi. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyesikiliza.

Adrienne akanishika mukono, akasema polepole:

"Mama Pélagie, kubali tu. Kama si wewe, basi njo miye niliyemulaza mutoto pale bondeni."

Nilitaka kukubali. Haki ya Mungu, neno lilifika mudomoni. Lakini nikamuona Kalenga anatikisa kichwa kwa huruma, yeye, wa kutuhurumia sisi, nikashindwa.

"Si miye, wala si wewe," nikamwambia Adrienne. "Aliyekupa kiwanja njo huyu amesimama hapa."

Nilitolewa kwenye muchanga siku ile ile. Sasa ninauza mihogo, kazi nisiyoijua. Adrienne hanisalimii. Anaamini nilifunga mvua, na miye simulaumu; ataamini nini kingine, apate usingizi? Hasira yangu yote iko kwa Kalenga. Kiangazi kilipoingia alikuja na kamba yake, akapima viwanja upya pale pale bondeni, na cha kwanza akamupa Adrienne. Naye akapokea bila woga, kwa sababu muntu aliyefunga mvua ameshafukuzwa.