Bia ya Maziko ya Sjur

Sjur aliomba bia ya maziko yake, ile watakayokunywa waombolezaji, ipikwe angali hai. Alisema majirani hawaaminiki, watamzika kwa bia ya dukani, na aibu hiyo hawezi kuivumilia hata akiwa mchangani. Mkewe, Oddlaug, akamwambia, "Acha uchuro wako," kisha akaenda stoo kutoa kimea.

Shida ya Oddlaug ilikuwa mabega. Kuchemsha maji na matawi ya mreteni ya kutia harufu aliweza, kuloweka kimea cha shayiri na kuchuja maji yake matamu pia aliweza. Lakini maji hayo yakishapoa yakabaki na uvuguvugu wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa, hamira haitiwi hivihivi. Lazima kwanza yapewe hewa. Unachota ndoo, unainyanyua juu ya kichwa, unayamwaga pipani kwa kishindo, unachota tena, mpaka povu lisimame. Hamira iliyokosa hewa husinzia kazi ikiwa nusu, na bia hubaki tamutamu kama uji wa mgonjwa. Mwaka uliotangulia Oddlaug alijaribu peke yake, bega likamshinda, na bia yote wakawapa nguruwe.

Mtu wa karibu mwenye mabega alikuwa Brynjulf, kaka yake Sjur, ng'ambo ya mto. Huyo hakuwa amekanyaga kwao tangu daktari aliposema mapafu ya Sjur yamejaa vumbi la mawe. Brynjulf ndiye aliyekuwa msimamizi wao walipochimba mlimani handaki la maji ya kuzalisha umeme. Wanaume walipolalamikia vumbi, aliwacheka: wanywe kahawa litashuka. Wengine waliacha kazi. Sjur alibaki, maana aliyesema ni kaka yake.

Oddlaug alimwendea bila kumwambia mumewe.

"Shemeji, naomba mabega yako. Napika bia."

"Sjur anajua?"

"Hajui."

Brynjulf alitazama viatu vyake, kisha akachukua kofia.

Chumba cha mgonjwa kilipakana na kibanda cha kupikia, na dirisha halikufungwa hata kwenye baridi, maana likifungwa alihisi anazikwa. Ndoo ya kwanza ilipomwagwa tu, Sjur akaita.

"Oddlaug! Nani huyo? Maana wewe humimina kama paka anayekojoa."

Oddlaug aliingia akijifuta mikono. "Ni kaka yako."

Kifua cha Sjur kilipiga miluzi. Akauliza, "Anamwaga kutoka juu?"

"Juu kabisa."

"Apandishe zaidi. Na wewe nisikilize. Abebe, amwage, mgongo uvunjike. Lakini siku ya kunizika asionje hata tone. Bakuli la bia likizungushwa na kufika kwake, mruke."

"Sjur, jamani, ni ndugu yako."

"Nimekula vumbi lake. Hatakunywa bia yangu. Niahidi."

Akaahidi. Mtu anayegombania kila pumzi utamnyima nini?

Aliporudi kibandani, Brynjulf alikuwa amelowa mpaka kiunoni na povu limejaa pipani. Oddlaug akatia hamira. Hapo desturi ni kupiga ukelele, hamira iamke na wanywaji wachangamke. Walitazamana. Hakuna aliyefungua kinywa.

"Mbona kimya?" sauti ikatoka dirishani. "Pigeni ukelele, maiti nyie!" Kisha Sjur akajaribu mwenyewe, na ukelele ukageuka kikohozi, kikohozi kisichotaka kwisha. Ndipo Brynjulf akapiga ukelele kama ng'ombe anayechinjwa, akauvuta, akauvuta, hadi mbwa wa ng'ambo wakabweka. Oddlaug alipokimbilia chumbani alimkuta mumewe ana damu kidevuni, anacheka.

Sjur alikufa bia ikiwa bado inachachuka pipani. Hakuionja.

Siku ya maziko watu walisema bia kali namna ile hawajainywa siku nyingi. Bakuli la mti lilizunguka mkono kwa mkono, na Oddlaug alilifuata kwa macho mpaka likaishia mikononi mwa Brynjulf. Akainuka, akamsogelea.

"Shemeji..."

"Najua," Brynjulf akasema kwa sauti ya chini. "Dirisha lilikuwa wazi."

Akampa bakuli mtu aliyefuata bila kulileta mdomoni. Oddlaug alitamani angebisha, angetukana, angelinywa lote mbele ya watu. Angepata wa kumkasirikia. Sasa alibaki amesimama na ahadi yake.

"Mapipa yameoshwa?" Brynjulf akauliza.

"Bado."

Brynjulf akatoka akiwa bado amevaa koti lake la msibani, akaingia kibandani. Ndani watu walianza kuimba. Baada ya muda Oddlaug alimpelekea sahani ya nyama ya kondoo na viazi. Brynjulf akaipokea, akala amesimama, ameupa mlango mgongo. Bia hakumpelekea.