Thelathini Elfu Thelathini na Moja

Ilibaki moja tena. Subira alifuta meza ya kukatia nguo kwa kiganja, akaiandika upya ile namba kwa chaki ya ushonaji: 30031. Alikuwa ameigawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara ilibaki moja, kama kipande cha kitambaa kisichotosha hata kiraka.

Namba hiyo waliachiwa na mwalimu Wahome katika darasa la ngumbaru, walikosomea watu wazima wa Majengo.

"Namba ikikataa kugawanyika, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, hiyo ni namba tasa," alisema. "Hii, hata mimi sijui kama ni tasa. Mkipata, mniambie."

Wenzake walicheka kusikia neno hilo. Subira hakucheka. Ndilo jina aliloitwa na mama mkwe wake mbele ya majirani, mpaka mumewe Othmani akampa talaka na kumwoa Zabibu. Wazazi wake walipofariki, alibaki na chumba chao na cherehani.

Jumamosi hiyo hakushona. Mvua ilikuwa imefunika mlima, na mji wa Nyeri umenyamaza. Alijaribu kumi na saba, kumi na tisa, akapanda hivyo hivyo. Mabaki yalibadilika, ila hayakuisha. Hamsini na tatu, bado. Kwa hamsini na tisa, hakikubaki kitu.

Akarudia. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Alicheka kwa sauti, akageuka kutafuta wa kumwambia. Ukutani lilining'inia koti la mteja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Othmani, amelowa chepechepe, mvi zimemjaa.

"Zabibu ameenda kwao," alisema, bado amesimama. "Tulienda hospitali. Daktari anasema shida iko kwangu. Iko kwangu tangu zamani, Subira."

Subira alikaa chini taratibu.

"Mama yako anajua?"

"Bado." Alipangusa uso. "Rudi nyumbani. Nyumba iko baridi."

Zamani alikuwa akiyaomba maneno hayo kila baada ya swala. Sasa yalikuwa yamefika, na hakujua ayaweke wapi.

"Othmani, kuja uone," alisema, akimwonyesha meza. "Nimeshinda na hii namba tangu asubuhi. Nimepata inagawanyika."

Othmani aliitazama chaki, kisha akamtazama yeye.

"Mimi naongea mambo ya nyumba, wewe ati namba?"

Subira alipangusa chaki vidoleni.

"Mwambie mama yako kwanza," alisema. "Useme hapo nje kwake, wale majirani wakisikia. Halafu ndio tuongee."

Othmani aligeuka. Akatoka.

Subira alimfuata hadi kizingitini. Pale njia inapogawanyika, mkono mmoja kwenda kwa mama yake, mwingine kwenda stendi, Othmani alikuwa amesimama. Mvua ilimpiga mabegani, naye hakusogea.