Nyasi za Vidole Vinne

Kwa miaka tisa Mkata Nyasi alikuwa mtu wa kawaida, mwenye mashine moja, wateja kumi na mmoja na makovu ya mawe kwenye miundi yote miwili. Makovu hayo aliyapata kwa mashine yenyewe. Ilikuwa imepoteza kile kifuniko cha nyuma kinachozuia takataka zisimrukie mtu, na tangu hapo kila kokoto iliyoliwa na kisu ilitemwa moja kwa moja kwenye mguu wa mwenye mashine. Kuiwasha kulihitaji kuvuta kamba mara tatu na kuitukana mara moja. Ukivuta mara nne bila kuitukana, haiwaki. Ilishajaribiwa.

Kisha akaenda semina.

Ilikuwa semina ya siku tatu, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na mkufunzi aliyevaa skafu wakati wa joto. Siku ya tatu, saa sita kasorobo, Mkata Nyasi alitoka humo akiwa Mbunifu wa Mandhari. Alikuwa na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, kilichotiwa ndani ya plastiki ngumu kiasi kwamba hata mafuriko yasingekiweza. Alikibeba kifuani kwa mikono miwili hadi nyumbani, kama mtu aliyetumwa keki ya harusi ya watu wengine.

Mkewe alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri. Mchana huo kitini alikaa mdogo wake wa kiume, fundi rangi, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa na nusu ikisubiri.

"Kuanzia leo," Mkata Nyasi alisema akiwa bado mlangoni, "mniite Mbunifu."

"Mbunifu wa nini, shemeji?" fundi rangi aliuliza kutoka ndani ya shuka alilofungwa shingoni.

"Wa mandhari."

"Mandhari gani?"

"Yoyote."

Mkewe alizima mashine ya kunyolea, akakipokea cheti, akakitazama mbele, akakigeuza akatazama nyuma.

"Nyuma hakuna kitu," alisema.

"Vyeti nyuma huwa havina kitu."

"Nimeangalia tu, mume wangu."

Jioni, baada ya chakula, Mbunifu aliketi mezani na daftari. Mkufunzi alikuwa amewafundisha kwamba mtu hahami kutoka biashara moja kwenda nyingine bila kuzipima. Akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kulia aliandika MANDHARI, na chini yake: heshima, kalamu sikioni, kuitwa bwana, picha za kabla na za baada. Upande wa kushoto aliandika KUKATA NYASI, na chini yake: kelele, jua, mawe. Kisha akafikiri, akaongeza neno la mwisho na kulipigia mistari miwili: ZINAOTA TENA.

"Hapo ndipo penye aibu," aliwaeleza mkewe na shemeji yake, akigonga ukurasa kwa kalamu. "Namaliza kazi Alhamisi. Alhamisi inayofuata kazi ile ile imesimama inanisubiri, kama haijawahi kuniona. Miaka tisa nafanya kitu ambacho hakijaisha hata siku moja. Lakini mandhari ukishaiweka, imekaa."

"Imekaa," mkewe alikubali. "Na wewe je, utakaa wapi?"

"Kivipi?"

"Mimi nanyoa vichwa. Sijawahi kukigombeza kichwa kwa sababu kimeota nywele. Siku zikiacha kuota ndipo utanikuta nalia."

"Mke wangu, hayo ni mambo ya vichwa. Mimi nazungumzia ardhi."

Fundi rangi alikuwa ameinamia sahani yake, lakini masikio yake hayakuwa kwenye sahani. "Sasa ile mashine, shemeji," alisema taratibu, "itakuwa inafanya kazi gani?"

Hakuuliza kwa utani. Kupaka rangi mageti kulikuwa kumemchosha. Geti ukilipaka vizuri, mwenye geti hakukumbuki tena mpaka watoto wake waoe. Ukilipaka vibaya, anakukumbuka kila siku lakini si kwa kukuita kazini. Mashine ya nyasi aliitamani kama wengine wanavyotamani pensheni.

Mke wa Mbunifu ndiye aliyetoa masharti, huku akikusanya vyombo. Bustani moja kwanza. Ya Mwalimu Mkuu. "Akifurahi mpaka akaagiza na uwanja wa nyuma, mashine achukue huyu ndugu yangu, na mimi nitakuita Mbunifu hata mbele ya mama yangu. Asipofurahi, cheti kinashuka ukutani, na wewe Alhamisi unarudi kwenye kamba yako."

"Na jina?"

"Jina nalo linashuka."

Mwalimu Mkuu alistaafu miaka kumi na moja iliyopita, ila hakupatikana mtu mwenye ujasiri wa kukiambia cheo chake nacho kistaafu. Alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa Mkata Nyasi na wa pekee aliyemtetemesha. Kila Alhamisi, mashine ikinyamaza, alitoka na rula ya mbao. Alichutama, akaweka vidole vinne juu ya ardhi vikiwa vimelala upande, kimoja juu ya kingine, kisha akavipima vidole vyenyewe kwa rula, asije akadanganywa na mkono wake. Nyasi zikizidi vidole vinne, alisema, "Umezibembeleza." Zikipungua, alisema, "Umezinyoa." Zikitosha, asingesema kitu, ila katika miaka tisa hakuwahi kukosa la kusema.

Wakati huo alikuwa anakwenda kumtembelea binti yake kwa wiki mbili. Aliombwa ruhusa, akaacha maagizo akiwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye teksi: "Itengeneze ipendeze, lakini usizidishe." Mbunifu alisikia neno moja tu, nalo lilikuwa ipendeze.

Akang'oa nyasi hapa na pale. Akachimba njia. Kutoka getini hadi mlangoni zilikuwa hatua kumi na nne, lakini mkufunzi alishasema kwamba njia iliyonyooka ni dalili ya akili isiyo na mapazia, kwa hiyo njia mpya ilikuwa na hatua thelathini na moja na ilipitia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Fundi rangi alipaka mawe meupe ya pembezoni, na rangi ilipobaki akapaka na bomba la maji. Beseni la bluu lililokutwa limeinamishwa nyuma ya jiko likafukiwa hadi shingoni, likatiwa maji, likaitwa kidimbwi cha tafakuri.

Katikati ya yote hayo akapanda fahari yake: mashina arobaini ya nyasi za mapambo kutoka kwenye kitalu, zenye kimo cha kiuno na mashuke meupe laini kama manyoya ya mto uliopasuka.

"Hizi hazikatwi," alimwambia shemeji yake kwa sauti ya mtu aliye maktaba. "Hizi ni za kutazamwa."

"Zina tofauti gani na zile zilizoota nyuma ya choo cha soko?"

Mbunifu alifikiri. "Bei," alisema.

Mwalimu Mkuu alitarajiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu Mbunifu alifungua geti akiisukuma mashine yake kwa mara ya mwisho. Kando ya ua kulikuwa na kipande cha nyasi za kawaida kinachohitaji kusawazishwa. Jana yake alikuwa amekinoa kisu vizuri kuliko wakati wowote, kwa heshima ya kukiaga. Akavuta kamba mara tatu, akatukana mara moja kwa sauti yenye huzuni, mashine ikawaka.

Akawaza hotuba yake. Aliipanga wiki nzima. Alikusudia kumpokea Mwalimu getini, amshike kiwiko, ampitishe kwenye njia yote yenye hatua thelathini na moja huku akimfafanulia.

"Mwalimu," alianza, macho yameelekea mawinguni, "mandhari ni mazungumzo."

Tatizo lilikuwa miguu. Kwa miaka tisa miguu ile iliingia kwenye geti lile, ikanyoosha hadi kwenye bomba, ikageuka, ikarudi hadi kwenye ua, ikageuka tena, mistari thelathini na miwili, bila kumsumbua mwenyewe kwa swali lolote. Uwanja ule iliujua kama mtu anavyolijua tundu la kifungo chini ya kidevu chake. Semina ilikifundisha kichwa. Miguu haikualikwa.

"Ni mazungumzo kati ya jicho na udongo," aliendelea. Mashine iliguna kidogo, ikadhani ni ile wiki ambayo mvua ilizidi, ikaendelea kula. Jiwe jeupe likamgonga muundi. Miaka tisa ya mawe ilikuwa imemfundisha kutogeuka. "Na sisi wabunifu, Mwalimu, ni wakalimani tu wa—"

Kitu laini kikamwingia mdomoni. Akakitema. Kikaingia kingine. Hewa yote ilikuwa imejaa manyoya meupe yakishuka polepole, mengine yakitua kwenye kidimbwi cha tafakuri.

Akazima mashine, akageuka.

Nyuma yake, kutoka getini hadi kwenye bomba, kulikuwa na mistari safi, mmoja wa kijani kilichokolea na mwingine wa kilichopauka, imenyooka kama kitanda cha bweni siku ya ukaguzi. Kati ya mashina arobaini yalikuwa yamesalia sita, kwenye kona, yamesogeleana kama wanafunzi ambao hawakufanya zoezi.

Hapo ndipo fundi rangi alipoingia getini na kamba begani, amekuja kuikokota mashine yake. Akaishusha kamba chini.

"Shemeji."

"Usiseme."

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Nataka kuuliza tu kama huu ndio ubunifu wenyewe."

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Watu wazima wawili, mmoja ana cheti, walipiga magoti wakaokota mabua yaliyokuwa yamebaki na urefu, wakayachomeka ardhini moja moja. Bua likizama vidole viwili lilisimama; likizama kimoja lilisubiri uondoe mkono, kisha likalala. Walikuwa wamesimamisha ishirini na matatu wakati teksi ilipofunga breki nje.

Mwalimu Mkuu aliingia getini na mkoba wake, akaukata ule upinde wa njia kama haupo, akaja moja kwa moja kwa hatua zake kumi na nne. Alikwama kwenye ya tisa, mbele ya mabua.

"Nani ameyaacha magugu yakafika hapa?"

Akashika bua moja, akavuta, likatoka bila ubishi. Akalitazama chini.

"Hayana mizizi."

"Hayana, Mwalimu," alisema Mbunifu.

"Nimefundisha sayansi miaka thelathini. Hili ni jambo jipya."

Akampa fundi rangi alishike. Akang'oa la pili, akampa. Akayang'oa yote ishirini na matatu kwa utulivu wa mtu anayekusanya redio zilizofichwa chini ya magodoro, na fundi rangi akayapokea yote, amesimama wima kama bwana harusi aliyebaki peke yake. Kisha Mwalimu akafika kwenye mistari. Akafungua mkoba, akatoa rula. Ilikuwa imesafiri naye.

Akachutama. Vidole vinne. Rula. Akasogea hatua tatu, akapima tena. Akasogea hadi kwenye bomba, akalikodolea macho kwa sababu lilikuwa jeupe, akapima na hapo.

Hakusema kitu.

Mbunifu aliusikia ule ukimya. Alikuwa ameusubiri miaka tisa.

"Uwanja wa nyuma nautaka hivi hivi," Mwalimu Mkuu alisema hatimaye, akiinuka. "Mawe hayo yaondoke. Hicho kinjia ni cha nini?"

"Cha kutafakari, Mwalimu."

"Mimi nikitaka kutafakari nakaa. Kifukie. Na beseni langu lirudi jikoni, lioshwe." Akaingia ndani.

Fundi rangi aliyaweka mabua chini taratibu, akaenda akaushika mpini wa mashine. "Amefurahi," alisema. "Ameagiza uwanja wa nyuma. Dada alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Hii ni yangu, na wewe ni Mbunifu. Hongera, shemeji."

"Ameagiza kukatiwa nyasi, bwana."

"Dada hakutaja aagize nini."

Wakabishana barabara nzima, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, mpaka kwenye chumba cha mbele. Mkewe alikuwa na mteja kitini. Aliwasikiliza wote wawili bila kuinua macho kwenye kisogo alichokuwa anakisawazisha. Walipomaliza, alinyoosha mkono, akatoa unyoya mweupe nyuma ya sikio la mumewe, akautazama.

"Sema wewe mwenyewe," alimwambia. "Ukisema kilichomfurahisha Mwalimu ni mandhari, nakubali, wewe ni Mbunifu, mashine iondoke sasa hivi. Kilichomfurahisha ni nini?"

Cheti kilikuwa ukutani, juu ya kioo, kinang'aa. Mteja akageuka na kiti chake ili asikie vizuri.

"Kukata," alisema Mkata Nyasi.

"Sijasikia, mume wangu."

"Kukata nyasi."

Mkewe akawasha mashine ya kunyolea. "Basi kamba ni yako," alisema, akamgeuza mteja akaendelea. Fundi rangi aliuachia mpini kidole kimoja kimoja.

Alhamisi iliyofuata mashine ilikuwa na kifuniko kipya cha nyuma, cha plastiki ngumu, kimefungwa kwa waya mbili. Mkata Nyasi alikikata mwenyewe, kwa mkasi wa mkewe. Getini kwa Mwalimu Mkuu alivuta kamba mara tatu, akatukana mara moja. Jiwe la kwanza liliruka likagonga kwenye muhuri wa dhahabu, likaanguka chini bila kumfikia.

"Kazi njema, Mbunifu," fundi rangi alimwambia kwa heshima zote kutoka ng'ambo ya barabara, alikokuwa akipaka geti.

Mkata Nyasi hakugeuka.